Chupa ya Pili ya Oksijeni

Maiti ya Polycarpe Kalumba ilishatolewa juzi, lakini banda lilikuwa bado linanuka mpira ulioungua. Inspekta Kazadi aliegemeza baiskeli yake mlangoni, akatazama saa: saa nne na robo asubuhi. Treni ya kwenda Kasai ilitangazwa kuondoka saa tisa mchana, kama ingeondoka, kwa maana mwaka ule wa tisini na tatu treni za Kolwezi ziliondoka zilipojisikia. Kabla ya saa tisa alipaswa ajue nani kamuua Polycarpe. Sheria yenyewe haikuwa na haraka, maskini. Sheria ilikwenda likizo ndefu pamoja na mishahara. Wenye haraka walikuwa vijana wa mtaa. Wao walishamjua muuaji, na muuaji wao alikuwa stesheni, amekaa juu ya magodoro pamoja na mkewe na mama yake mzee, akingoja hiyo hiyo treni ya saa tisa. Wakaapa kwamba hatapanda, na kwamba hatatoka pale akitembea kwa miguu yake.

"Inspekta, unatafuta nini tena?" aliuliza Gradi, mdogo wa marehemu, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mwenye kitambaa cha chama kichwani na fimbo mkononi. "Kile kilulu Badibanga njo kiliua yaya yangu, kaka yangu. Andika, tuende."

Kilulu ni mdudu. Ndivyo walivyoitwa siku hizo watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa hapa Kolwezi, hata wale ambao babu zao waliletwa kwa mabehewa waje kuchimba shaba ambayo hawakuila. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga hao hawakufika kwetu. Hapa watu waliambiwa toka kwa spika, mchana kweupe, na wakatajiwa siku. Kazadi mwenyewe alikuwa Muluba wa Kabalo, Mkatanga halali, ila jina lake linapatikana pande zote mbili, na katika miezi sita alikuwa ametaja kijiji cha babu yake mara nyingi kuliko alivyotaja jina la Mungu.

"Nani, umenielezea," alisema. "Sasa nielezee namna gani."

"Alitia baruti."

"Baruti inapasua bitu na kutupa huku na kule. Mi naona banda imesimama. Bati iko palepale. Ndege haina bawa ilivunjika. Kiti moja tu njo iliungua, na mutu mwenye alikuwa mbele yake. Hiyo ni baruti ya namna gani?"

Gradi akatema mate pembeni.

Ndege ilikuwa ndogo, ya watu wawili. Mbao, kitambaa kilichokazwa kwa gundi, na mashine kuukuu iliyonunuliwa kwa wamisionari. Polycarpe alikuwa seremala wa kampuni ya mgodi, na rafiki yake Rémy Badibanga alikuwa fundi wa kikosi cha uokozi, mtu wa kuwavisha wenzake vifaa vya kupumulia wanapoingia chini kwenye moshi. Watu hao wawili waliijenga ndege hii miaka tisa, kila Jumamosi, mmoja Mkatanga na mwingine Mkasai, na mtaa mzima uliwacheka. Sasa hakuna aliyecheka. Kazadi alitoa daftari, akachora kiti, akachora mahali pa miguu, akapima kwa hatua. Hakuwa na kamera. Kamera ya ofisi iliuzwa na bosi aliyetangulia.

Nyuma ya viti viwili kulikuwa na chupa mbili za chuma, kila moja ya urefu wa mkono, zimefungwa kwa mikanda ya ngozi kwenye mbao. Chupa za oksijeni. Angani juu sana hewa ni nyepesi, mtu anasinzia bila kujua na hazinduki tena, hivyo rubani hupelekewa oksijeni puani. Mfumo wenyewe ulikuwa wazi hata kwa polisi: kwenye mdomo wa chupa kunafungwa kichwa cha shaba nyeupe cha kupunguza nguvu ya hewa, halafu bomba jembamba la shaba linapita chini ya kiti, halafu mpira, halafu barakoa. Kila mtu na chupa yake.

Chupa ya kushoto ndiyo iliyoua. Kile kichwa chake kilikuwa kimeyeyuka. Kazadi alikigeuza geuza kwa kitambaa, akakisogeza kwenye mwanga. Kwa nje namba zake zilisomeka bado. Kwa ndani kilikuwa tundu jeusi lililolika.

"Moto ilianzia mu ndani," alisema, zaidi kwa daftari kuliko kwa Gradi. Akalifuata bomba kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho. Halikukatwa, halikutobolewa, hakuna skrubu iliyolegea. Kazi safi, ya mtu anayejua. Chupa ya kulia haikuguswa na moto. Haikuwa imeunganishwa bado. Mdomo wake ulifunikwa kwa kipande cha kitambaa cheupe, kikafungwa kwa uzi. Kando ya ndege kulikuwa na beseni la maji, sabuni, na taulo mbili zilizofuliwa.

"Na hii?" Gradi alimpa bisibisi pana ya kukazia, ya chuma kizuri. Kwenye mpini palichongwa herufi mbili, R na B. "Niliokota hapa, chini ya bawa. Rémy Badibanga. Banamufukuza tangu wiki tano, lakini bisibisi yake iko hapa. Ilitembea na miguu?"

Kazadi aliichunguza. Bisibisi ilikuwa na vumbi jekundu kwenye herufi, na haikuwa na masizi hata kidogo. Kila kitu kingine chini ya bawa lile kilikuwa na masizi.

"Uliokota siku gani?"

"Siku ya moto."

"Na wewe siku hizi unalala wapi, Gradi?"

"Kwa nini unaniuliza?"

"Ni ya PV, ile karatasi ya maelezo. Jina, kazi, mahali pa kulala."

Gradi alitaja barabara na namba. Kazadi aliandika mpaka nusu ya namba, akainua macho. Nyumba hiyo aliijua. Alikunywa ndani yake pombe ya ubatizo wa mtoto wa Badibanga.

"Kwa hiyo unakaa mu nyumba yake, na masanduku yake ya kazi iko mu ndani," alisema taratibu. "Bisibisi hii haikuungua, juu haikukuwa hapa siku ya moto. Njo wewe uliileta na mukono. Rudia tena uongo kama huu, nitaufunga mukono huo."

"Juu ya kilulu moja?" Gradi alicheka, lakini alirudi hatua moja. "Saa nane tutakuwa ku gare ya treni, Inspekta. Na karatasi yako ao bila karatasi."

*

Stesheni ilikuwa imejaa mpaka kwenye reli. Watu walikaa pale wiki ya sita, ya saba, wakapika juu ya mawe, wakazaa, wakazika. Ungemkuta mhasibu wa kampuni amekalia sufuria, mwalimu anafundisha kuhesabu kando ya choo. Kazadi alisukuma baiskeli katikati yao, na kila aliyeona kofia ya polisi aliinamisha kichwa. Alichukia hilo kuliko harufu.

Badibanga alikuwa mrefu, mwenye mvi chache, shati lake limepigwa pasi kwa njia ambayo Mungu mwenyewe aijua. Nyuma yake, juu ya godoro, mama yake Ndaya alikuwa ameegemezwa kwenye gunia la nguo, anavuta pumzi kwa kelele.

"Tata Kazadi," alisema Badibanga. "Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza. Jibu mufupi, saa hazitoshi. Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nikiweka muguu mu barabara, banavunja. Uliza batu mia mbili."

"Polycarpe ulimuona lini mara ya mwisho?"

"Siku mbili mbele ya kufa. Alikuja hapa na ndizi." Aligeuka akamtazama mama yake. "Alikuja juu ya mama yangu. Mama ana kifua, unamusikia. Mu treni batu banafungiwa siku kumi, kumi na tano, banakufa bamesimama. Polycarpe akasema, mama Ndaya hatapanda ile kitu, mi nitamupeleka na ndege mpaka Mbuji-Mayi. Lakini njiani kuko askari, banapiga kila kitu inapita chini. Inaomba kupita juu sana, mita elfu tano. Hapo mutu mwenye kifua, bila oksijeni, anakufa. Njo maana kuko bombone mbili, zile chupa. Moja ya rubani, moja ya mama."

Kazadi aliacha kuandika. Kwa hiyo marehemu aliungua akimtengenezea mama wa mtuhumiwa njia. Hapo kisasi cha Gradi kilikosa miguu, ila kisasi hakihitaji miguu kukiwa na fimbo.

"Nani mwingine anajua hiyo?"

"Mi, yeye, mama, na Falonne, bibi yake wa ndoa. Hata bibi yangu hatukumuambia, juu angelia."

"Nani alifunga mfumo?"

"Mi nilifunga yote. Chupa, mikanda, bomba. Ilibakia kuunganisha vile vichwa na kufungua. Hiyo nilitaka nifanye mwenyewe. Balikuja kunifukuza mbele ya hapo." Alipiga kelele ndogo ya ulimi. "Basi nilimufundisha hapa hapa. Nilimuchorea na makaa juu ya sima ya sakafu. Osha mikono mara tatu. Fungua polepole, nusu mzunguko, hesabu mpaka kumi."

"Mikono mara tatu, juu ya nini?"

Badibanga alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowanisha.

"Mafuta, tata. Oksijeni na mafuta bikikutana na nguvu ile yote, haiombi kibiriti. Inawaka yenyewe. Tone moja. Mu kikosi tulikuwa tunafukuza mutu akiwa amekula mikate na siagi. Mi mu lile banda nilifukuza kila mutu. Hata kuku."

"Uliwaelezea sababu?"

"Nieleze nini? Ni mambo ya kazi."

"Polycarpe angeweza kusahau kuosha?"

"Polycarpe? Yule angeosha mpaka ngozi itoke. Mutu mwenye anapima mbao mara saba!"

Na kweli, beseni lilikuwa pale, na sabuni, na taulo. Kazadi alifunga daftari, akalifungua tena. Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki kumwasha.

"Midomo ya chupa uliifunika na nini?"

"Mpira wa baiskeli. Niliukata, niliuchemusha, nilikaza mara mbili na waya."

"Si kitambaa cheupe na uzi?"

"Kitambaa?" Badibanga alisimama wima. "Tata, kitambaa kinaacha nyuzi. Mi siweke kitambaa. Nani aliweka kitambaa?"

Kazadi alikuwa ameshapanda baiskeli.

*

Saa saba na nusu alikuwa bandani tena, peke yake. Alinawa mikono mara tatu kwanza. Maneno ya Badibanga yalikuwa yamemwingia. Halafu alipiga magoti mbele ya chupa ya pili.

Uzi ulifungwa mafundo mawili madogo, yamekazwa kwa meno, na ncha zimechomekwa ndani. Mwanamume hafungi hivyo. Hivyo ndivyo mama wa sokoni anavyofunga pesa kwenye pembe ya kitenge. Alifungua fundo moja, akafungua la pili, akatoa kitambaa. Upande wa ndani kilikuwa na doa jekundu. Alimulika tochi kwenye mdomo wa chupa, na hapo, juu ya chuma kinachong'aa, kulikuwa na alama ya kidole gumba, imevutwa chini, halafu imevutwa kwa upande. Msalaba. Msalaba wa mawese.

Kazadi alikaa chini kwenye udongo. Alisema, "Ee Mungu," na siyo kwa kuapa. Kwetu nyumba mpya haiingiwi bila kuombewa. Gari likinunuliwa, mtoto akipata kazi, mtu akitaka kusafiri, kikundi cha maombi kinakuja na chupa ya mafuta, yanapakwa mlangoni, mahali pa kuingilia, ili baya lisipite. Zamani yalikuwa mafuta ya zeituni kutoka dukani. Tangu maduka yaliporwa, yalikuwa mawese tu, na Mungu hakulalamika. Ungempiga mtu wa Kolwezi kofi angekusamehe, lakini asafiri bila mafuta ya maombi, hapana.

Aliifunika chupa kwa leso yake, kile kitambaa chenye doa akakitia mfukoni. Akaandika saa. Akaenda msibani, hatua hamsini tu, upande wa pili wa uwanja.

Falonne, mjane, alikuwa juu ya mkeka katikati ya wanawake, kichwa kimenyolewa, mabega wazi. Desturi ilikuwa asitoke kwenye mkeka huo mpaka wakwe wamwondoe. Kazadi alichuchumaa mbele yake, akatoa pole, akaomba wanawake wasogee kidogo. Walisogea kidogo sana.

"Mama Falonne, ni ya PV. Siku zile mbele ya moto, uliingia mu banda?"

"Niliingia." Sauti yake ilikuwa kavu, imekwisha. "Mi na Polycarpe tulifunga siku tatu juu ya ile safari. Unajua safari?"

"Najua. Mama Ndaya."

Alishtuka, akatazama wanawake, akapunguza sauti zaidi. "Basi unajua. Nilikuwa na woga, tata. Ndege ya mbao, na bwana yangu ndani! Polycarpe alikwenda ku gare kupeleka ndizi. Mi nikachukua mafuta yenye tuliombea, nikaingia. Nikapakala pa mulango ya ndege. Nikapakala pa pangaboi. Halafu nikawaza, Polycarpe aliniambia kule juu watapumua kwa zile bombone tu. Maisha yao yote iko pale. Basi nikatosha ile mipira, nikaiweka pembeni, nikapakala pa mudomo, mahali pumuzi inatokea. Zote mbili. Halafu waya ilinishinda kurudisha, nikafunga na kitambaa safi."

Kazadi aliweka kalamu chini.

"Mbona umeacha kuandika?" aliuliza Falonne.

Angeweza kusema kalamu imekwisha wino. Kwa miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa amewadanganya wezi, wazinzi na mabosi, na kila mara uongo ulimjia mdomoni kama mate. Safari hii haukuja. Kama angeficha, Badibanga angeuawa kabla ya saa tisa. Kwa hiyo alimwambia yote, polepole: oksijeni, nguvu, tone moja. Kila neno alilotoa lilimuuma.

Falonne alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliangalia kidole chake gumba.

"Kwa hiyo ni mi."

"Ni mafuta, mama."

"Mafuta ilijipakala?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu alisikia, akaziba mdomo.

"Miaka tisa," Falonne alisema, "Badibanga alikuwa ananifukuza mu lile banda. Nikiwa natoka kupika, nimechukulia bwana yangu chakula, ananionyesha mulango: kule, kule! Hakunielezea hata mara moja. Mi nilikuwa nasema, huyu mutu ananizarau, anaona mi muchafu. Nilimuchukia, tata. Hata siku bale batu banamutosha mu nyumba, nililia na bibi yake, lakini yeye, mu moyo nilisema, onja." Alinyanyua uso. "Gradi iko wapi?"

"Iko ku gare na batu yake. Saa nane."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Nane kasoro kumi."

Alisimama. Mkeka mzima ulipiga kelele. Falonne! Mjane haachi mkeka! Unatafuta laana, weye! Shangazi wa marehemu alimshika pindo la kitenge, na Falonne akamwachia kile kitenge cha juu mkononi, akatoka na cha chini. Ndivyo Kolwezi ilivyomwona mjane wa siku mbili, kichwa kimenyolewa, amekaa nyuma ya baiskeli ya polisi, akipita barabara kuu mchana wa jua kali. Watu walisimama kando wakashika vichwa.

*

Treni ilikuwa imeshaingia, na, muujiza huo, ilikuwa na kichwa cha kuivuta. Watu walipanda madirishani, juu ya paa, wakapitisha watoto juu ya mikono. Mama Ndaya na mkwewe walishaingizwa ndani. Badibanga hakuingizwa. Gradi na watu wake kama arobaini walikuwa wamemzunguka kando ya behewa, magodoro yake yamepasuliwa, shati la pasi halina mikono, damu inamtoka sikioni. Askari wawili wa stesheni walikuwa wanatazama upande wa pili kwa bidii.

"Acha!" Kazadi alipiga kelele, na hakuna aliyeacha, mpaka walipomwona aliyeshuka nyuma yake.

"Shemeji!" Gradi alishusha fimbo. "Rudi ku kilio. Hii si mambo ya banamuke."

"Ni mambo yangu," alisema Falonne. Alipita katikati yao, na walimpisha, kwa maana hakuna anayetaka kuguswa na mjane. Akasimama mbele ya Badibanga, akawageukia. "Musikie bote. Hakukuwa baruti. Polycarpe alikuwa anatengeneza ile ndege apeleke mama ya huyu mutu ku Kasai, juu ni muzee, juu ni mugonjwa, na juu Polycarpe alikuwa mutu. Mi niliogopa. Nikapakala mafuta ya maombi mu mudomo ya bombone. Oksijeni haitake mafuta. Iliwaka. Njo ilimuunguza. Ni mukono yangu hii. Kama munataka mutu wa kupiga, niko hapa."

Waliokuwa juu ya paa waliinama kumtazama. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Muchawi," na mwingine akalirudia. Kazadi aliusogeza mwili wake mbele ya mwanamke yule. Bastola yake haikuwa na risasi, na nusu yao walijua.

"Kitambaa chenye mafuta kiko mu mufuko yangu," alisema. "Alama ya kidole iko pa bombone ya pili. Mwenye kubisha aende aone. Gradi, sema na batu yako."

Treni ilipiga filimbi. Ikavuta mara moja, mabehewa yakagongana. Badibanga alikuwa bado amesimama, anamwangalia Falonne, kama aliyesahau kuna treni.

"Panda, mupumbavu!" Kazadi alimsukuma kwa mikono miwili. Mikono mingine ikamdaka kutoka ndani, mguu mmoja ukaburura mawe, ukaingia. Uso wake ukatokea mlangoni katikati ya vifurushi, na alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima yule.

"Falonne! Si wewe! Ni mi! Mi sikukuelezaka! Unasikia? Miaka tisa, mi sikukuelezaka!"

Alirudia mpaka sauti ikamezwa na magurudumu. Gradi aliitazama treni, akatazama fimbo yake, akaitupa kwenye reli.

"Basi kumbe ilikuwa mafuta," alisema.

Kazadi alingoja aongeze neno. Wengine walikuwa wamejitwisha fungu lao la lawama, mjane na fundi, na bado kulikuwa na fungu moja pale chini, kubwa kuliko yote, halijapata mwenyewe. Gradi alijipangusa mikono kwenye suruali, akawaambia wenzake kwamba njaa inamuuma, akaenda zake nyumbani, kule kwenye nyumba ya Badibanga. Wenzake wakamfuata wawili wawili.

Falonne alikaa kwenye moja ya magodoro yaliyopasuliwa. Kazadi aliketi kwenye saruji karibu naye, akafungua daftari juu ya goti, akaandika tarehe, jina lake, jina la marehemu, na mahali.

"Si lazima uiseme leo," alimwambia.

"Andika leo. Kesho batasema ni wewe ulitunga." Alikaza kitenge kifuani. "Andika nilichukua mafuta mwenyewe. Andika nilifungua mwenyewe. Andika nilikuwa natazama pa mulango kila mara, juu nilizoea mutu ya kunifukuza, na siku ile hakukuwa mutu."